Taa Ndani ya Kitenge

Mapenzi ni kikohozi, walisema wahenga, na Myriam alikuwa amekohoa wiki nzima. Kazini, kwenye kituo cha kulelea watoto, alimvika mtoto mmoja kofia mbili na mwingine akamwacha kichwa wazi. Ndani ya tramu alicheka peke yake hadi bibi aliyekaa naye akahamisha mkoba. Ukimuuliza ana nini, alijibu ni baridi. Etterbeek, mtaa wa Brussels, mwezi wa Desemba baridi ipo, hatubishi, ila baridi haijawahi kumfanya mwanamke apake rangi ya midomo kwa ajili ya kwenda kutupa takataka.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina, na jina lake lilikuwa Bienaimé.

Bienaimé alikuwa fundi umeme, kijana wa Bukavu, mrefu, mpole, mwenye macho ya kusema na mdomo wa kunyamaza. Aliletwa mtaani na Lucienne, msanii wa Kibelgiji aliyekaa ghorofa ya chini ya jengo lao. Lucienne ndiye aliyebuni kwamba msimu huu wa giza mtaa uwashwe kwa vitambaa vya wakazi wenyewe. Kila nguzo ivalishwe kitambaa kilichotoka katika nyumba ya pale, kitambaa chenye habari yake, na ndani yake iwekwe taa. Mreno wa duka la mikate alitoa kitambaa cha meza cha harusi yake. Mjane mmoja alitoa pazia. Na maman Thérèse, mama yake Myriam, baada ya kufikiri sana, alifungua sanduku akatoa kitenge alichonunuliwa na marehemu mumewe kule Lubumbashi siku Myriam alipozaliwa. Kikikaa sandukuni, alisema, nani atakiona?

Kitenge kilipelekwa kwenye nguzo ya mwisho, kule kwenye kona. Mbele ya dirisha la sebule yao kikatundikwa kile cha Mreno, na hapo ndipo Bienaimé aliposimamisha ngazi yake. Fundi akiwa juu ya ngazi, na wewe uko ghorofa ya kwanza, nyuso zenu zinalingana. Siku ya kwanza walisalimiana kupitia kioo. Siku ya pili Myriam alifungua dirisha akampa kahawa. Kuanzia siku ya tatu maman Thérèse alianza kulalamika kwamba joto lote la nyumba linatoka nje, na nguzo ile moja ikawa nguzo yenye kazi kuliko zote mtaani. Waliongea habari za Bukavu na Lubumbashi, za baba zao, za chakula. Neno la mapenzi halikutamkwa hata mara moja, lakini kila Bienaimé aliporudisha kikombe, alikirudisha polepole.

Kisha ikaja Jumamosi. Myriam alirudi kutoka kazini akamkuta mama yake amevaa wigi ya kanisani, yuko kwenye simu na Lubumbashi, anacheka na kulia kwa pamoja. Mezani kulikuwa na kitenge kipya, yadi sita kamili, lebo bado imebandikwa, na pembeni yake chupa ya divai na katoni ya juisi. Kijana wa ngazi alikuwa amekuja. Hakuja peke yake, alikuja na mjomba wake, tonton Rigobert, mzee wa koti na tai. Mzee aliketi, akauliza habari za afya, akauliza marehemu alikuwa mtu wa wapi, akala maandazi manne. Jambo lenyewe hakulitaja. Na kwa nini alitaje? Kwao Lubumbashi ziara ya kwanza haisemi. Kijana anakuja na mkubwa wake, analeta kitenge na kinywaji, na mama wa nyumba akipokea kwa mikono miwili kila mtu ameelewa. Mlango umegongwa, na umefunguka.

Maman Thérèse alipokea kwa mikono miwili.

Furaha hiyo ilikuwa na mwiba mmoja, na mwiba ulikaa Auderghem, mtaa wa jirani. Tonton Kyungu, mdogo wake marehemu, ndiye mwenye neno la mwisho, maana binti hana baba mwingine. Tonton hakupenda. Watu wa Kivu sisi hatuwajui, alisema, ukitaka kuuliza habari za ukoo wao utamuuliza nani? Yeye alikuwa na kijana wake moyoni, mtoto wa rafiki yake Tshibangu wa Likasi, mwenye miwani na mustakabali. Maman Thérèse alimbembeleza siku nzima kwenye simu hadi wakakubaliana. Jioni ya kuwashwa taa tonton atakuja, atamsikiliza kijana kwa mdomo wake mwenyewe. Akijieleza vizuri, kitenge kitabaki. Akijiumauma, kitarudishwa palepale, na kitenge kikisharudishwa hakuna anayegonga tena.

Basi jioni ile Myriam aliwatangulia mama na tonton. Alitaka kumwona Bienaimé kwanza, amwonye.

Saa kumi na moja giza lilikuwa limeshaingia. Watu wa mtaa walikuwa wamekusanyika katikati, kwenye sufuria kubwa ya supu ya maboga, wanasubiri. Bienaimé alikuwa peke yake kule kwenye kona, amechuchumaa mbele ya kisanduku cha swichi, anajaribu taa moja moja. Alipomwona Myriam alisimama haraka, akagonga kichwa kwenye ngazi. Myriam akacheka. Moyo wake ulikuwa mwepesi hivi kwamba aliona aibu kuubeba mbele za watu.

"Tonton Kyungu anakuya leo," alimwambia. "Nilitaka nikuambie mbele bafike. Anaonekana mukali, lakini usiogope. Semaka tu polepole, na umuangalie mu macho."

"Anakuya kuangalia mataa?"

"Anakuya kukupa jibu."

"Jibu ya nini?"

Myriam alicheka tena, akidhani anataniwa. Lakini Bienaimé hakuwa mtu wa utani. Alisimama pale na koleo mkononi, uso wake uko wazi kabisa, anasubiri aelezwe. Kicheko cha Myriam kikafika mwisho chenyewe. Bienaimé, kwa kukosa la kufanya, aliinama akabonyeza swichi iliyofuata, na juu ya vichwa vyao kitenge cha maman Thérèse kikawaka.

Kilikuwa kizuri, Mungu wangu. Rangi ya chungwa na kijani aliyoizoea ndani ya sanduku, imekunjwa na kunuka nondo, sasa ilikuwa hai juu ya barabara yenye unyevu. Ndege wa lile pambo walionekana mmoja mmoja. Na katikati yao, kutoka juu hadi chini, ulipita mstari mweusi uliopinda, mnene hapa, mwembamba pale. Mshono.

Mchana mshono huo hauonekani. Ni taa ya ndani iliyouanika.

"Ni nini ile?" aliuliza Myriam.

Bienaimé alikuwa ameuona naye kwa mara ya kwanza, na mkono ulimshuka. "Ni upepo," alisema. "Ile siku ya tempête. Nilifunga colson, ile mikanda ya plastiki, nguvu sana, kikwembe ya maman ikakosa nafasi ya kucheza, ikapasuka katikati. Bon, nikaishona. Sikujua taa itaionyesha. Njo sababu tulikuya Jumamosi."

"Jumamosi?"

"Kuomba pardon. Kwetu, ukiharibu kintu ya maman ya bantu, haukuyake peke yako, na haukuyake mikono butupu. Unabeba mukubwa, unabeba kikwembe ya kulipa ile, na kintu ya kunywa. Donc nikabeba tonton Rigobert. Lakini tonton akaanza habari ya njia, maman akaleta beignets, tonton akakula. Nilipotaka kufungua kinywa, maman akanishika mukono, akaniita mutoto yangu. Nilishindwa, Myriam. Alikuwa na furaha, sikujua furaha ya nini."

Sasa Myriam alijua. Alijua yote kwa mara moja, na kila alichokijua kilimpiga mahali pake. Simu za Lubumbashi. Shangazi zake walioanza kubishana rangi ya sare. Rangi yake ya midomo. Alitamani barabara ipasuke impokee, lakini barabara za Etterbeek zimejengwa imara.

Alimweleza kwa maneno machache, bila kumtazama, kwamba kwao mwanamume akija na mkubwa wake, na kitenge, na kinywaji, hakuna pardon hapo. Anaoa. Maman ameshaitikia, na tonton yuko njiani.

Bienaimé alikaa juu ya gurudumu la nyaya. Myriam alianza kuhesabu makosa yake mwenyewe. Kahawa ile ilikuwa kahawa tu? Kile kikombe kilichorudishwa polepole, labda mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi? Wiki nzima alikuwa ameishi ndani ya nyumba isiyojengwa, ameshapanga na viti. Halafu, katikati ya aibu, akamwona Bienaimé anasimama.

"Iache ikae vile," alisema. "Usimwambie maman. Tonton akiniuliza, nitasema nimekuya kuoa. Miye sikatae."

Angejua ni maneno gani mabaya aliyoyachagua katika maneno yote ya dunia.

"Haukatae," alirudia Myriam. "Ile banasemaka kama banakuongeza fufu. Njo neno ya kuambia mwanamuke?"

"Nilitaka kusema..."

"Ngoja. Kama maman angesikia muzuri, kama angejua ni pardon tu, ungenisemesha habari ya mapenzi siku moja?"

Uongo mmoja mdogo ungetosha. Lakini Bienaimé, jamani, alikuwa na ugonjwa wa ukweli.

"Sijue," alisema. "Nilipasua kintu ya papa yako. Nikawaza, nimalize kazi, nishushe ngazi, nipotee. Kila asubuyi nilisema leo nitamwambia, na kila asubuyi nilikuwa naangalia ile kona, nanyamaza."

Ungeniambia nini? Myriam alitaka kuuliza hivyo, na hakuuliza. Kichwa chake kilikuwa kimechanganyikiwa, hajui ashike lipi aache lipi. Mtu anayekuja dirishani pako kila asubuhi na kunyamaza anakupenda au anakuogopa? Na mtu anayekubali kukuoa kwa sababu mama yako ameshapiga simu Lubumbashi, huyo utajuaje siku moja, mkiwa na watoto, kwamba hakusukumwa? Alimpenda. Hilo halikuwa na utata, na ndilo lililomuumiza. Alitaka achaguliwe, siyo asikataliwe.

"Bale banakuya," alisema Bienaimé.

Kweli walikuwa wanakuja. Maman Thérèse mbele, koti lake la zambarau, kilemba kipya, uso umeinuliwa kutazama kila taa ambayo Bienaimé alikuwa ameshaiwasha, akisimama kuitolea maoni. Tonton Kyungu nyuma, mikono mgongoni, hatazami chochote. Kwenye mkoba wa mama, ulioning'inia mkononi, ilionekana pembe ya kile kitenge kipya. Alikuja nacho kama inavyotakiwa, kiwepo kushuhudia. Hapa kwenye kona walikuwa hawajafika bado, na mshono ulikuwa upande wasiouona.

Bienaimé aliinama akaweka kidole juu ya swichi.

"Nizime?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Nitasema ampoule imekufa. Maman hataona kintu."

Hapo, msomaji wangu, wewe ungefanya nini? Kuitikia kwa kichwa tu. Taa inazimika, mshono unarudi kujificha, maman anabaki na furaha yake na kumbukumbu ya mumewe nzima, tonton anasikia anachotaka kusikia, na Myriam anampata mwanamume anayemkosesha usingizi. Hakuna aliyedanganya, taa imekufa tu. Alimtazama mama yake akija, anatafuta kwa macho kitambaa chake miongoni mwa vitambaa vya watu, ana hamu kama msichana. Alimtazama Bienaimé na kidole chake juu ya swichi, tayari kufanya lolote aambiwalo. Hilo ndilo lililomwamulia. Hakutaka mume wa kuambiwa.

"Acha iwake," alisema.

Maman Thérèse alifika. Kwanza aliwaona wao wawili, akatabasamu. Kisha akainua macho, na tabasamu likabaki usoni muda mfupi baada ya furaha kuondoka.

Myriam aliongea kabla ujasiri haujamwisha. Alisema kwa haraka, mbele ya tonton, mbele ya Mreno aliyekuwa amesogea na bakuli lake la supu. Kikwembe kilipasuka kwa upepo. Bienaimé alikishona. Jumamosi alikuja na mkubwa wake kuomba radhi, kama wanavyofanya kwao, wala hakuja kugonga mlango. Walielewa vibaya. Bienaimé hana deni la ndoa kwa mtu yeyote.

"Maman, hakukuya kunioa," alimalizia. "Njo ile."

Maman Thérèse alisogea hadi chini ya nguzo, akanyoosha mkono, lakini kitenge kilikuwa juu mno. Akabaki hivyo, mkono hewani, akiufuatilia ule mshono kwa kidole kutoka mbali. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta.

"Nani alishona?" aliuliza hatimaye.

"Ni miye, maman," alisema Bienaimé.

"Unashona mubaya."

"Ndiyo, maman. Pardon, maman. Nilipaswa kusema siku ileile. Nilishindwa kukuvunja roho."

"Papa yake alichagua ile mwenyewe," alisema maman Thérèse, bado anatazama juu. "Miye nilikuwa nalala ku maternité na huyu mutoto. Alikuya nayo kwapani, alikuwa na sauti kubwa, bakamufukuza." Alipumua. "Ikapasuka. Bon. Yeye pia alikufa."

Tonton Kyungu alikohoa, na kikohozi chake hakikuwa cha mapenzi. Alikuwa amepata alichokijia bila hata kukitafuta, akawa mpole ghafla, mpole wa mtu aliyeshinda. Alisema ni vizuri mambo yamekuwa wazi, hakuna ubaya, vijana hukosea, yeye hana kinyongo na mtu. Kesi imekwisha. Kilichobaki ni shemeji yake kumrudishia kijana kitenge chake, kila mtu aende nyumbani kwake kwa amani, na Lubumbashi yeye tonton atapiga simu mwenyewe.

Maman Thérèse aliingiza mkono mkobani. Alifanya kama desturi inavyotaka: akakitoa kitenge kipya, akakikunjua kidogo kionekane ni kizima, akakikunja tena, akakinyoosha mbele kwa mikono miwili. Mikono ileile iliyokipokea Jumamosi.

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kwa Bienaimé, wazi kuliko wakati wowote. Hakuna aliyemdai. Hata Myriam alikuwa amemfungulia. Angechukua kitenge, aseme asante, ashushe ngazi yake, na kesho angekuwa mtaa mwingine. Myriam alitazama chini kwenye mawe ya barabara. Hakutaka kuiona ile mikono ikipokea.

Haikupokea.

"Ile ni ya pardon, maman," alisema Bienaimé. "Pardon hairudishwake. Ubaki nayo."

"Kijana," alisema tonton Kyungu, "kikwembe ikibaki, ina maana ingine kwetu."

"Najua sasa, papa. Njo maana nasema ile ni ya pardon. Ya ingine nitaleta."

"Ya ingine gani?"

Bienaimé hakumjibu tonton. Alikuwa amemgeukia Myriam, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kuonana, hapakuwa na kioo, hapakuwa na ngazi, wala kikombe cha kurudisha. Alikuwa na hofu waziwazi. Macho yake yalisema kama kawaida, na safari hii mdomo ukafuata.

"Kama yeye anataka," alisema. "Nitangoja. Kama hataki pia nitajua."

Maman Thérèse alirudisha mikono yake kifuani, na kitenge ndani yake. Tonton alifungua mdomo aseme habari za Likasi, akaona shemeji yake anavyomtazama, akaahirisha. Wote wakamgeukia Myriam. Naye alikuwa bado amechanganyikiwa. Alikuwa na hasira na Bienaimé kwa kunyamaza, na hasira nyingine kwa kusema mbele za watu wakati yeye pua inamtoka maji. Aibu ya Jumamosi haijapoa. Furaha ilikuwa inapanda na hajui aiweke wapi. Kitu kimoja tu ndicho alichokuwa na hakika nacho, na ndicho alichokisema.

"Maman havalake bleu," alimwambia Bienaimé. "Ile ya ingine, usilete ya bleu."